Godoro la Kuhama Benki

Wanzagi alitoka lindo la usiku kwenye kiwanda cha samaki, akanawa uso bombani, akaenda moja kwa moja benki, Musoma mjini, bila hata kunywa chai. Wenzake walishapata mshahara jana. Yeye simu yake ilikuwa kimya, na binti yake Rhobi alikuwa amekaa nje ya ofisi ya mhasibu wa chuo cha uuguzi kule Bunda, akisubiri nusu ya ada. Mwisho ulikuwa leo saa sita mchana. Ikipita hapo, nafasi yake anapewa mwingine.

Kisa chenyewe kilianza na godoro. Mwezi uliopita watu wa benki hii mpya waliweka turubai na spika nje ya kiwanda, wakatangaza kuwa atakayehamishia mshahara kwao anapewa godoro papo hapo. Chuo kilikuwa kimemtaka Rhobi aende na godoro. Matrida, mkewe, alimwambia aachane nao, maana benki ya zamani ndiyo iliyoahidi mkopo wa ada. Wanzagi akasaini. Tena, kwa kuchukia makato ya kila mwezi huku na huku, akaenda mwenyewe kuifunga akaunti ya zamani. Rahisi huvunja upishi, wazee walishasema, ila wazee hao hawakuwahi kupigiwa muziki getini.

Gloria, msichana wa dawatini, alimpokea kwa adabu zote. Alitazama kompyuta, akampigia mhasibu wa kiwanda, kisha akaeleza: karatasi za kuhama zilichelewa kufika kiwandani, mshahara ukatumwa kwenye akaunti ya zamani, ukakuta imefungwa, sasa umekwama njiani. Labda wiki mbili, labda tatu.

"Basi nikopesheni nyie," Wanzagi alisema. "Si mlituambiaga sisi ni familia?"

"Mpaka mishahara mitatu ipite kwetu, mzee wangu. Mfumo hauniruhusu."

Alivuka barabara hadi benki ya zamani. Huko walimjua kwa jina, na ofisa wa mikopo alimsikitikia kweli, lakini akasema sasa yeye ni mteja mpya, aanze upya. Wanzagi alitamani kupiga meza. Jasho la miaka yote limepita pale, na saini moja imelifuta! Hakupiga. Aliwapigia simu ndugu zake wa Butiama, akampigia msimamizi wake, kila mtu akawa na lake. Saa sita ikapita. Aliona aibu kumpigia mtoto, akampigia hivyo hivyo.

"Rudi nyumbani, mama," alimwambia. Ndivyo alivyozoea kumwita, kwa kuwa amebeba jina la bibi yake.

Rhobi hakulia wala hakulaumu. Aliuliza tu kama baba ameshakula.

Jumatatu alfajiri vibarua wa kukata minofu ya sangara walijipanga kiwandani. Kabla hajamaliza lindo, Wanzagi ndiye huwahoji na kuwaingiza mmoja mmoja. Alipoinua macho alimwona Rhobi kwenye foleni, amevaa gambuti za mama yake. Nyumbani hakuwa ameaga mtu.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma, kwa hiyo Wanzagi alimuuliza lile lile analowauliza wote.

"Umeshawahi kufanya kazi hii?"

"Bado. Ila najifunzaga haraka, baba."

Wanzagi akafungua geti, akasogea pembeni, binti yake akaingia.