Damu Inayorudi

Msichana Wara alipoketi tu kitandani, maumivu ya kichwa yalimvamia. Akajilaza upesi, maumivu yakaisha.

"Anatega huyu," muuguzi alinong'ona. "Akilala mzima, akiketi mgonjwa!"

Daktari Zenobia Choque aliyasikia. Maneno hayohayo aliwahi kuyasema yeye, miaka sita iliyopita, kumhusu binti aitwaye Nélida. Akamruhusu aende nyumbani. Nélida alirudishwa amezimia, damu imevujia ndani ya fuvu, na katika mji mzima wa Oruro hakupatikana wa kumwamsha. Tangu hapo Zenobia humsikia akihema katika kila wodi ya watoto.

"Hategi," alifoka. "Ni sindano yangu ya ganzi, siku ile ya upasuaji wa mguu. Ilitoboa utando, maji ya uti wa mgongo yanavuja."

Siku nne walikuwa wamemlaza, wakampa maji, dawa na hata kahawa. Wapi! Ilibaki njia moja: kuchota damu mkononi mwake na kuiingiza mgongoni, igande izibe tundu.

Bibi yake Wara, Casimira, akasimama mbele ya kitanda.

"Damu tena? Mmeshamchota mara tatu! Damu ya mtu haizaliwi upya, daktari. Ikitoka imetoka. Huwa mnaipeleka wapi?"

"Hii haiendi popote, bibi. Inarudi kwake."

"Yote?"

"Yote."

"Makubwa! Daktari anayerudisha kitu. Haya, lakini nami niwepo, nione kwa macho yangu."

Wara akapewa dawa ya usingizi. Muuguzi alichota damu, Zenobia akaisukuma polepole, akichunga asizidishe. Casimira alisimama mlangoni akitikisa kofia ya mjukuu wake na kuiita roho ya msichana isipotelee usingizini: "Wara, njoo. Wara, twende nyumbani."

Baada ya saa mbili msichana aliketi.

"Nina njaa," alisema. "Supu ipo?"

Casimira alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akamvuta daktari pembeni.

"Nilipokuwa naita, na wewe ulikuwa unaita chinichini. Ila hukumwita Wara. Nélida ni nani?"

"Alikuwa mgonjwa wangu."

"Amekufa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi acha kumwita, mwanangu," bibi alisema taratibu. "Kila ukimwita, anakuja."