Vigingi vya Mzee Wangu

Nilimwambia Dominic atatembea, na mimi Hezekiah nikisema kitu nimesema. Kichwa ngumu hivyo tangu utotoni.

Dominic ni dereva wa familia moja hapa Riyadh. Aliteleza akiosha gari, goti likavunjika, akakaa na plasta miezi miwili. Ilipotolewa mguu ulikuwa umekonda kama mwiko. Kafili wake, yule tajiri anayeshikilia viza yake, alikuja hapa Murabba, kwenye chumba tunacholala watu sita, akamtazama akichechemea. "Jumapili uje ofisini," alisema. "Ukipanda ngazi bila fimbo, unabaki. Ukishindwa, halas, Kenya."

Si Kenya aliyoiogopa. Mke wake Selipher anafanya kazi Jeddah, kwa madam mmoja wa mtaa wa Al-Nuzha, na amebakiza mwaka na nusu wa mkataba. Mara mbili madam amemnyang'anya simu, na mara mbili Dominic amempigia bwana wa nyumba ile, akabembeleza kwa Kiarabu hadi ikarudishwa. Bwana yule anamsikiliza kwa sababu wako nchi moja. Akipiga kutoka Kenya, bwana yule atapokea simu yake?

Hospitali walisema afanye mazoezi kwa reli za kushika. Mafi, hakuna reli, na hospitali ilikuwa imemalizana naye. Basi nikaomba paleti kuukuu, zile mbao za kupangia mizigo, pale stoo ninapofanya kazi, nikapanda nazo juu ya paa. Kwa siku mbili nilitengeneza reli mbili za mbao za kufika kiunoni, na katikati ngazi tatu kama za ofisini.

Bonface, tunayelala naye chumba kimoja, alinikuta nikiloweka vigingi vya kuunganishia mbao kwenye ndoo. "Piga misumari, bro," alisema. "Kwetu Ukambani mti unakaushwa kwanza."

Nilimcheka. Mzee wangu alikuwa seremala kule Mbale, Vihiga, na hakuwahi kugusa msumari. Analoweka kigingi, anakigongomea, kinabana. Kitanda cha nyanya kina miaka arobaini na hakijalia hata siku moja. "Nyinyi chongeni twiga wa watalii," nikamwambia Bonface. "Fanicha tuachieni sisi."

Jumanne Dominic alipanda ngazi moja. Jumatano mbili. Alhamisi alipanda zote tatu bila kushika, akakaa pale juu akalia, na mimi nikalia naye, sioni haya kusema.

Ijumaa asubuhi alipanda mara nne, akasema inatosha. Ningemwacha! Lakini nilikuwa nimelewa kazi yangu. "Yalla, moja ya mwisho," nikasema.

Alipofika juu goti lilitetemeka kidogo, akaegemea reli kama alivyopaswa kuegemea. Reli ikachomoka. Alianguka kwa goti lile lile, na nilijua kwa mlio.

Baada ya kumpeleka hospitali nilirudi juu. Nilishika kigingi kimoja kwa vidole viwili, kikatoka bila kuvutwa. Kule Mbale mvua inanyesha kila alasiri, kigingi kinakunywa na kuvimba. Hapa hata matone ya maji uliyomwaga huyaoni tena baada ya dakika moja. Vilikauka vyote, vikasinyaa, na mimi nikavipaka mafuta ving'ae.

Jioni Selipher alipiga. Dominic aliweka simu kwa spika, goti liko ndani ya plasta mpya.

"Mguu ulikataa tu, mama," alimwambia. "Basi."

Nilifungua mdomo. Dominic akanikazia macho, akatikisa kichwa.

 Nilimsikia Selipher akivuta kamasi, halafu mlango ukifungwa huko aliko. "Shemeji Heze uko hapo?" alisema, sasa akinong'ona. "Asante kwa zile reli. Alhamisi aliniambia amepanda zote, nikacheka hadi madam akaniuliza nina nini. Sasa mtengenezee magongo ya kushukia ndege. Najua mkono wako."

Nikasema sawa, shem. 

Nilikata mbao zile zile za reli. Bonface alileta misumari. Kila gongo nilipiga kumi na minne, na bado naona haitoshi.