Waliohama Mazima

Tandale mtu akisema anahama, wapangaji wenzake humwambia, "Haya, tutaonana." Akisema anahama mazima, hilo ni jambo jingine. Wanampikia pilau, wanamwombea dua, na nafasi yake ya biashara kibarazani anapewa mwingine mbele ya watu wote. Neno limeshatoka, hakuna kurudi.

Wilfred alilijua hilo. Ndiyo maana alilitamka akiwa amesimama juu ya ndoo.

"Jamani, sie tunahama mazima! Chanika, kwetu, hakuna kupanga foleni ya choo. Nafasi ya mke wangu apewe Mwanabaraka!"

Jesca, mke mwenyewe, alikuwa amepiga magoti akikanda unga. Chapati hizo ndizo zilizowalisha miaka yote ambayo Wilfred alikuwa "anafuatilia dili". Hakuna aliyemuuliza. Alikula pilau ile kama mtu aliyealikwa kwenye msiba wake.

Chanika nyumba ilikuwepo kweli. Bati pia lilikuwepo, upande mmoja. Wateja ndio hawakuwepo. Asubuhi Jesca alipika chapati, akangoja, wakapita mbuzi. Jioni wakarudi mbuzi wale wale. Unga ulipokwisha, Wilfred alimshauri awe na subira, kisha akauliza chakula kiko wapi.

Kulipokucha Jesca akabeba kikaango chake, akarudi Tandale. Mwanabaraka alikuwa kibarazani, jiko limekolea, wateja wamejipanga.

"Shoga! Si mlisema mazima?"

Foleni nzima ikacheka.

"Alisema yeye," Jesca akajibu. "Mie sikufungua mdomo. Nisipopika hapa, dada, sina pengine."

Mwanabaraka akageuza chapati, akafikiri. "Kweli. Mazima mtu anajihamisha mwenyewe, hahamishwi na mume." Akasogea kwenye benchi. "Kaa, usukume. Zako zilikuwa laini kuliko zangu, ila usinitangaze."

Jesca akakaa haraka, kabla machozi hayajawahi unga.

Jioni akatokea Wilfred, kofia imeshuka hadi puani. Hakusalimia mtu. Alinyoosha mkono kwenye sahani kama zamani.

Jesca akaifunika sahani.

"Karibu, mgeni," akasema. "Foleni inaanzia kule, karibu na choo."