Tumbaku Isiyoruhusiwa Kuchanua

"Na wewe unataka kuzaa," Nyamburi aliuambia mche uliokuwa mbele yake, akalikata tumba la ua kwa ukucha wa kidole gumba na kulitupia kwenye ndoo yenye mfuniko. "Nani amekuruhusu?"

Ukiiangalia kwa mbali ilikuwa tumbaku tu. Majani mapana yenye vinyweleo na utomvu unaonata vidoleni, safu kwa safu juu ya kilima cha marudio, ule mchanga wa kijivu ambao wachimbaji wa dhahabu wa upande huu wa Butiama waliuosha, wakarudia kuuosha, mpaka hata magugu yakaukataa. Ukiisogelea ndipo ulipoona uzio wa waya, mlinzi mwenye filimbi, na kibao chenye fuvu la kichwa. Nyamburi hakuwahi kuona tumbaku inayolindwa hivyo. Mzee mmoja aliwahi kuja kuomba jani moja tu la kusagia ugoro, na mtaalamu akatetemeka kama aliyeombwa figo.

Kazi yake ilikuwa kumwagilia, kukata majani yaliyokomaa, na kuhakikisha hakuna ua linalofunguka. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkaa kooni. Alikuwa amelima mtama, muhogo na pamba. Aliijua mimea iliyogoma kuzaa na mimea iliyozaa mpaka ikavunjika matawi. Mmea uliokatazwa kuzaa, huo alikuwa anauona hapa kwa mara ya kwanza.

"Mama Matrida, ile safu ya mwisho usiisahau," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Clever, kijana wa Makoko kule Musoma mjini, ndiye mtaalamu wa mradi. Wazazi wake walimpa jina ambalo lilimrahisishia Nyamburi maisha.

"Clever, hebu nikuulize. Watu wenye akili kumbe wanaogopaga maua?"

"Tunaogopa nyuki na upepo, mama. Chavua ikitoka hapa ikaingia kwenye tumbaku za watu, itakuwa shida. Hii tumeibadilisha vinasaba."

"Mmeitia mdudu."

"Si mdudu mwenyewe. Kuna bakteria anaweza kuishi kwenye zebaki bila kufa. Tumechukua kinasaba chake, ni kama maelekezo yake, tukayaweka kwenye tumbaku. Sasa mizizi inaivuta zebaki kutoka kwenye mchanga, inaipeleka kwenye majani. Sisi tunakata majani tunaondoka nayo. Mchanga unabaki safi, kidogo kidogo."

"Mnaondoka nayo mpaka wapi?"

"Yanapita Bunda," Clever alisema, "halafu yanaenda mbali." Na kama kawaida, akifika kwenye hilo neno mbali, alianza kuangalia viatu vyake.

Nyamburi alinyanyua ndoo. Mfuniko ukagongagonga, taratata, kama meno ya mtu mwenye homa. Aliishusha haraka akafuta mikono kwenye kitenge.

"Bado inatetemeka," Clever alisema.

"Ni chai. Leo nimekunywa kavu."

"Mama, nilikuomba tukapime mkojo Musoma. Wewe na Matrida. Umechoma zebaki miaka mingi, na yeye amekulia hapohapo kwenye karai. Mimba mbili kuharibika..."

"Clever." Hakupandisha sauti. "Mkojo wangu nao mtaufungia kwenye pipa kama haya majani?"

Nyamburi akarudi kwenye tumbaku yake, mdomo ukicheka, moyo haucheki. Mimba mbili za Matrida alikwisha kuziweka kwenye fungu lake zamani: ni jicho baya la mama mkwe wa binti kule Suguti, mwanamke anayesalimia watu huku akiwakagua kuanzia miguuni. Ndiyo maana safari hii, tumbo la tatu lilipoanza kuonekana, alimwita binti yake nyumbani ajifungulie mbali na jicho hilo. Sasa huyu mtoto wa mjini anataka kumwambia kwamba jicho lenyewe lilikuwa la mama mzazi.

*

Kaka yake, Mwikwabe, alikuwa hajaacha kuchimba. Alikuja siku hiyo mchana, akala ugali na sato ambao mume wa Matrida alikuwa amewatumia, akanawa, kisha akasogeza kigoda karibu na dada yake.

"Wewe zebaki umeishika tangu lini?"

"Tangu Matrida ananyonya."

"Unaiweka kwenye karai, unakoroga na mkono, inafanya nini?"

"Inakusanya dhahabu. Kaka, unanipa mtihani?"

"Inakusanya. Haiachi hata punje. Unakamua kwenye kitambaa, unachoma kile kidonge juu ya chepe, zebaki inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Zebaki ni kama yule shemeji yetu Stanslaus: ukimkuta mahali, jua kuna kitu amekifuata. Sasa hayo majani yenu yamekunywa zebaki ya kilima kizima." Akainama. "Imeingia humo mikono mitupu?"

Lilikuwa jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelizungukia siku nyingi bila kulikanyaga.

"Clever anasema ni sumu tu."

"Nani anafunga sumu kwa kufuli akaipakia kwenye gari lenye vioo vyeusi? Uchafu unatupwaga, dada. Kinachofungwaga kwa kufuli ni mali." Akafuta meno kwa kijiti. "Niletee mzigo mdogo tu wa yale makavu. Tuchome kama tunavyochomaga. Kama hamna kitu, nitakuja mwenyewe kumwomba radhi huyo mtoto mwenye jina la kizungu."

Nyamburi hakuwa na tamaa, ndivyo alivyojiambia jioni ile na asubuhi iliyofuata. Alitaka kujua tu. Mtu aliyekaa miaka akiangalia watu wa magari wakija kilimani na kuondoka na kitu, safari moja kwa mashine, safari nyingine kwa karatasi, ana haki ya kujua safari hii wanaondoka na nini.

Kesho yake hakuifikia safu ya mwisho. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, Clever alikuwa kwenye simu, na banda la kukaushia lilikuwa wazi. Nyamburi alijifunga majani tumboni chini ya kitenge, safu juu ya safu, akakaza fundo, akatoka akitembea kwa kuegemea nyuma.

Magesa, mlinzi wa getini, alimwangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Nyamburi, na wewe tena? Si ni Matrida ndiye mjamzito?"

"Tumeamua kupokezana."

"Baba ni nani?"

"Si wewe? Usiniambie hukumbuki."

Magesa alicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni, na Nyamburi akapita. Majani yalikuwa yanamkwaruza ngozi. Njia nzima alitembea ameshika lile tumbo la uongo kwa mikono miwili, na watu wawili waliokutana naye walimpa pole.

*

Mwikwabe alikwisha kuandaa mafiga uani, na chepe lake lilikuwa limeng'arishwa kwa majivu. Kabla kiberiti hakijawaka, mvua ikashuka yote kwa pamoja. Akabeba chepe, akabeba majani, akaingia navyo jikoni.

Matrida alikuwa humo, amekaa kwenye mkeka karibu na moto, anamenya muhogo. Tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo kisu ilibidi akitumie kwa pembeni.

"Mjomba, unapika nini?"

"Dawa ya umaskini. Kaa tu, mama, ni majani haya."

"Anyanyuke aende chumbani," Nyamburi alisema.

"Kwenye bati linalovuja? Apate baridi? Ni majani, dada. Hata sigara ni majani."

Akayavunjavunja juu ya chepe, akalisukumiza kwenye makaa. Majani yalijikunja, yakawa meusi pembeni, moshi mzito ukapanda, ukakutana na paa, ukakosa pa kwenda, ukaanza kushuka. Matrida alikohoa, akacheka, akajifunika pua kwa mkono wenye wanga wa muhogo.

Nyamburi alikuwa amesimama ukutani anangoja kuona njano ya dhahabu. Miguu yake ndiyo iliyomsumbua. Ilikuwa inasogea yenyewe, nusu hatua, nusu hatua, na alipoitazama aligundua inatafuta upepo. Kilimani kila mchomaji alisimamaga upande unakotoka upepo. Hakuna aliyewahi kufundishwa, na hakuna aliyewahi kuuliza. Unawasha, unazunguka, moshi ukikugeukia unaupa mgongo. Na Matrida alikuwa wapi wakati ule? Alikuwa mgongoni kwake, kwenye mbeleko. Mama akiupa moshi mgongo, mtoto anaupa uso.

Humu jikoni hamkuwa na upepo wowote.

Akamtafuta Mwikwabe. Kaka yake hakuwa tena kwenye moto. Alikuwa mlangoni, kiwiliwili ndani, kichwa nje kwenye mvua, shati amelivuta mpaka puani.

"Kaka," Nyamburi aliita, "mbona umetoa pua nje?"

"Nini?"

"Umesema ni majani. Mbona pua yako iko mvuani?"

Mwikwabe alifungua mdomo, na kabla hajapata neno Nyamburi alikwisha kulishika chepe. Mpini ulikuwa unaunguza na mikono yake ilikuwa inatetemeka, makaa yakamwagika sakafuni, lakini alilibeba hivyohivyo, akampita kaka yake mlangoni kwa bega, akaurusha mzigo wote uani. Mvua iliupokea kwa kelele. Akarudi, akamnyanyua Matrida kwa makwapa, akamtoa nje na tumbo lake, wakasimama wote wawili chini ya maji, muhogo bado uko mkononi mwa binti.

"Mama, nini sasa?"

"Vuta hewa."

"Nimelowa mimi."

"Lowa. Vuta hewa."

Mwikwabe hakuwatazama. Alikuwa amepiga magoti matopeni, anayakomba majivu kwa viganja kuyatia kwenye karai. Akalizungusha kama wanavyozungusha kilimani, polepole, akiruhusu maji meusi yamwagike ukingoni. Nyamburi alimwangalia mgongo. Karai likazunguka, likazunguka, likasimama.

Kaka yake akainamia ndani. Kisha akatia vidole, akafumba ngumi, akasimama na kupita kati yao.

"Umeona nini?" Nyamburi aliuliza.

"Nendeni mkabadili nguo," alisema, akaondoka na ngumi yake bila kuaga.

*

Asubuhi kulikuwa kumekauka. Clever alimkuta Nyamburi getini, akimsubiri.

"Zile chupa zako za mkojo," Nyamburi alisema. "Bado zipo?"

"Zipo, mama."

"Nipe mbili." Akaweka kikapu chini. "Na nikuulize. Kama mtu mjinga mahali fulani angechoma haya majani ndani ya nyumba, na mwingine akavuta moshi kidogo, kidogo tu. Ingekuwaje?"

Clever alitazama banda la kukaushia, akatazama kitenge cha Nyamburi, akatazama kiganja chake chenye lengelenge jipya.

"Nani amechoma?"

"Na majani yanaenda wapi?"

Magesa akapuliza filimbi kwa kitu kisichokuwepo. Mwishowe Clever akasema, "Mlete leo. Gari linashuka Musoma mchana, nitakaa naye mwenyewe hospitalini." Swali la majani akaliacha hapo lilipoanguka, na Nyamburi pia hakujibu lile la nani amechoma.

Chupa zilikuwa ndogo, na mifuniko yake ilikuwa myekundu. Alizitia kifuani, akachukua ndoo, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya mwisho, ile aliyoiruka jana.

Mvua ilikuwa imeifurahisha. Miche ilikuwa imenyooka, na matumba yalikuwa yamevimba, bado yamefumba. Alianza kuyakata moja moja. Kwenye mche wa pembeni kabisa, ule uliosukumiza shingo yake nje ya waya, alisimama.

Lilikuwa limefunguka. Ua dogo la waridi, jembamba kama tarumbeta, limeelekea upande wa kijiji, na lilikuwa linatikisika ingawa hapakuwa na upepo. Nyuki alikuwa ndani yake, sehemu ya nyuma tu ndiyo iliyoonekana. Nyamburi alinyoosha mkono, taratibu, ukucha tayari. Nyuki akatoka kinyumenyume, miguu imejaa vumbi la njano, akajifuta uso, akapaa.

Nyamburi alibaki na mkono hewani, akimfuata kwa macho juu ya uzio, juu ya njia, kuelekea yale mabati ambako Matrida alikuwa anaanika nguo zilizolowa jana.