Jarida la Tumbo Moja

Profesa Callixte Habimana hakustahili kuaminiwa hata na barua ya mwaliko, seuze jarida la sayansi. Hivyo ndivyo alivyowaza Pulchérie, mhariri wake msaidizi, kila asubuhi alipomwona akishuka garini mbele ya ofisi yao ndogo ya chuo hapo Gisenyi, akisubiri afunguliwe mlango ambao haukuwa umefungwa.

Jarida lenyewe lilikuwa la nanosayansi tumizi, yaani elimu ya kutumia vitu vidogo mno, ambavyo hata hadubini ya maabara ya shule haivioni. Kitu kidogo kuliko vyote alichowahi Callixte kukikagua kwa makini kilikuwa biskuti ya mkutanoni. Lakini jarida lilikua, tena lilikua kama boga la masika. Toleo la kwanza lilikuwa jembamba hadi aibu kuliweka mezani. Sasa makala zilimiminika kutoka Kampala, Bujumbura, hata India, maana wenye haraka ya kupanda cheo walishasikia kwamba Gisenyi makala haikataliwi wala haikawii.

Haikawii kwa sababu ya wahakiki. Sheria inataka kila makala isomwe kwanza na wataalamu wasio na undugu na mhariri, na huko nje undugu hutafutwa kwa kompyuta: majina ya ukoo yakifanana, mtu anaulizwa. Basi kompyuta hiyo ije Rwanda, ambako kila mtoto hupewa jina lake peke yake na wala si la baba yake. Théogène Kwizera, Libérata Umutoni, Jado Ntawukuriryayo wa Goma: nani angejua kwamba wote watatu walinyonya titi moja na Callixte kule Cyanzarwe? Théogène alifundisha jiografia. Libérata aliuza dawa za mifugo, na uhakiki wake ulikuwa sentensi moja kwa makala zote, “Kazi nzuri, ichapishwe,” nayo pia aliikosea tahajia.

Pulchérie aliyajua hayo na aliwadharau wote, mkubwa kwa mdogo. Hata hivyo hakuondoka. Humo jaridani mlikuwa na makala zake tatu, za kweli, kuhusu chujio la udongo lenye chembe za fedha, alilolijaribu na akina mama wa Kanzenze mpaka maji yakawa safi. Alizichapisha humo kwa kuwa Callixte alikuwa pia mkuu wake wa idara, na alishamwambia kwamba mtu hali kwa jirani wakati kwao kumepikwa. Jarida likikubaliwa katika orodha ya majarida yanayoaminika duniani, Pulchérie angekuwa mhadhiri mwandamizi. Likikataliwa, kazi yake yote ingebaki karatasi ya kufungia karanga.

Wenye orodha walimtuma Dakta Mwakalinga, Mtanzania mpole mwenye macho makali. Alikagua kutwa nzima, akaridhika, na Callixte akamwalika chakula katika hoteli ya ufukweni, karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa kwenda Goma. Wahakiki watatu walikuja, wanaume na tai zao, Libérata na kilemba kipya. Walipeana mikono mbele ya mgeni kana kwamba ndiyo kwanza wanafahamiana.

Sahani za sambaza, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimewekwa tu pale bibi mmoja aliyebeba kikapu alipompita mlinzi bila kumwangalia. Alikuwa Mama Nyirasafari, mama yao, akitoka Goma kuwaona wajukuu kwa Jado, na alikuwa amewaona wanawe kutoka barabarani. Callixte akauweka uma wake chini.

“Bon,” alisema bibi. “Watoto yangu yote iko hapa, na hakuna mwenye aliniita.”

Mwakalinga alisimama akamwamkia shikamoo, akajibiwa “jambo” tu, maana upande huu shikamoo haijazoeleka. Akamuuliza kwa kicheko kama kweli wote hao ni wake. Bibi akawaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, kwa majina. Mgeni akasema hata kwao ni vivyo hivyo, kila mzee ni mama na kila mtu ni ndugu.

“Kabisa, Daktari,” Callixte akadakia. “Huyu ni mama yetu sote hapa mjini.”

Nduguze wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyempisha kiti.

Lakini Mwakalinga hakuwa mjinga. Neno ndugu ni pana, na yeye alilijua upana wake. Akamgeukia Pulchérie, ambaye alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilifanana na cha mgeni.

“Niambie wewe, dada. Ni ndugu wa kusema tu, au wa tumbo moja?”

Swali hilo Pulchérie alikuwa amelisubiri tangu aanze kazi. Alikuwa na jibu lake tayari, refu na lenye sumu, na mara nyingi alilisema peke yake akiosha vyombo. Sasa lilihitajika neno moja tu. Aliliwaza chujio lake. Aliiwaza karatasi ya karanga.

“Ni desturi ya huku, Daktari,” alisema. “Mtu mzima huita kila mtu mtoto wake.”

Mwakalinga akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye samaki wake.

Bibi hakusogea. Wanawe hakuwatazama, hao alikuwa anawajua, alimtazama Pulchérie.

“Huyu Jado alizaliwa miguu mbele,” alimwambia polepole. “Kidogo nife. Ile nayo ilikuwa desturi?”

Bibi akaweka kikapu chake kichwani, akatoka kwa njia ile ile aliyoingilia, na Jado akajifanya anatafuta chumvi. Dharau yote aliyokuwa nayo Pulchérie kwa watu wale ilimgeukia yeye mwenyewe, na ikamtosha kama nguo yake.

Callixte akamsogezea sahani.

“Kula, dada yetu,” alisema, na wala hakuwa akitania.

Pulchérie akala.