Ubao wa Mama Exaucé

Alphonse, seremala wa Likasi, alisifu mbao zake kuliko hata wanawe. Basi daktari alipomwambia mkewe Marceline, mama wa Exaucé na mwalimu wa darasa la pili, achague kati ya vumbi la chaki na mapafu yake, Alphonse alijipiga kifua: atamtengenezea ubao mweupe, wa kuandikia kwa feutre, kalamu ya wino, na kufuta kwa kitambaa. Mkuu wa shule alikubali, ila auone ukutani siku ya kufungua. La sivyo darasa apewe mwingine. Zilibaki siku kumi.

Kopo la rangi lilikuwa moja tu, limetoka Lubumbashi. Alphonse alipaka mbao zake bora, akarudi nyuma kuzitazama. Rangi ikaanza kukimbia, ikaacha vitobo kila mahali, kama maziwa yaliyokatika. Sababu aliijua papo hapo, na aibu ikamshika. Mbao zake zote huzipaka vidange, ile oili chafu ya magari, ili mchwa wasizile. Nusu ya kopo ilikuwa imepotea bure.

“Mama Exaucé,” alisema, hamtazami mkewe. “Miye njo niliharibisha. Niliwekaka vidange.”

“Na meza yetu? Ile haina vidange, uliiwekaka vanishi tu.”

“Meza ya ndoa yetu? Ile hapana!”

“Papa Exaucé, kukula, tutakula ku mukeka. Kufundisha, nitafundisha wapi?”

Alphonse aling'oa miguu ya meza, akaupiga uso randa mpaka vanishi yote ikatoka, akasugua kwa msasa, akapaka rangi ya chini. Kesho yake akapaka ile nyeupe iliyobaki, tabaka mbili nyembamba, na safari hii ikashika. Maandishi ya kopo yaliagiza ubao ukae wiki nzima bila kuguswa. Alifukuza kuku, alifukuza wageni, alimfukuza hata mwenye ubao.

Siku ya kufungua, Marceline aliujaza ubao hesabu, mkuu akiwa amesimama nyuma ya watoto na Alphonse dirishani, roho mkononi. Marceline akapitisha kitambaa. Ukabaki mweupe pe.

“Bien, Madame,” alisema mkuu. “Endelea.”

Siku za chaki Marceline alizoea kurudi sauti imekwisha, akiomba chumvi kwa kidole. Mchana ule alikaa kwenye mkeka, akasimulia vituko vya watoto wa darasani tangu mwanzo hadi mwisho, akacheka, akasimulia tena. Alphonse alimsikiliza tu, ugali ukimpoa mkononi.