Baba wa Zamu

Fundi wa kuchomea vyuma alikuwa hajakanyaga chuo cha binti yake kwa miaka mitatu, na tuseme ukweli, hata leo, siku ya wazazi, asingekanyaga kama umeme usingekatika mtaa mzima tangu alfajiri. Mara tano bintiye alimwita siku ya wazazi, na mara tano alimjibu kwa maneno yale yale: kazi imebana. Leo hakukuwa na cha kubana. Akavaa shati la pasi, akaja bila kumwarifu mtu, njia nzima akijichekea kwa jinsi mtoto atakavyoruka kwa furaha.

Alipofika getini akatazama viatu vyake, akaona haya. Mlinzi akamwelekeza kwenye duka la wanafunzi.

Nalo duka! Lilikuwa ndani ya chumba cha zamani cha kufulia, mabomba bado yametokeza ukutani, na waliolipanga sijui walitumia akili gani. Hapakuwa na rafu ya sabuni wala ya madaftari. Vitu vilipangwa kwa shida ya mteja. Rafu moja iliandikwa UMECHELEWA KUAMKA: miswaki, biskuti, soksi. Nyingine UMEMUUDHI MTU: kadi, peremende, na ua moja la plastiki lililochakaa kwa kuazimwa. Kamba za viatu ziliuzwa mojamoja, si jozi. Fundi akabaki mdomo wazi.

“Karibu, mzee. Una shida gani?” aliuliza msichana wa kaunta, ambaye kila aliyeingia alimwita Meneja.

“Nataka rangi ya viatu.”

“Hiyo ni bidhaa, mzee. Mimi nauliza shida.”

“Naenda kumwona mwanangu.”

“Ahaa. Rafu ya UNAKUTANA NA WAKUBWA, pale kushoto.”

“Mwanangu si mkubwa wangu.”

“Kwa viatu hivyo, mzee, leo ni mkubwa wako.”

Fundi akacheka, akaketi kwenye kigoda, akaanza kung’arisha. Nyuma ya pazia mwanamume mmoja alikuwa akisema peke yake, kama mtu anayejifunza hotuba.

“Basi nikachomea geti lile kutwa nzima, jua la utosi. Kumaliza, najitazama: niko ndani! Geti nimelichomea na fremu yake, halifunguki. Mke wangu akanipitishia uji kwenye tundu la kufuli, kwa mrija!”

Brashi ikamponyoka fundi. Hadithi hiyo haikufanana tu na yake. Ilikuwa yake hasa, na uji ule ule na mrija ule ule. Alikuwa ameisimulia nyumbani tu, kwa mkewe na bintiye, maana mafundi wenzake wangeisikia angehama mji.

“Nani huyo?” aliuliza.

“Kinyozi wetu,” Meneja alijibu huku akifuta kaunta. “Leo yuko zamu ya ubaba. Tunakodisha jamaa, mzee. Mtu hana wa kukaa naye siku ya wazazi, tunampa. Huyu anakwenda na dada mmoja wa hapa, mwaka wa tatu sasa. Amefundishwa kila kitu cha babake, mpaka namna ya kukohoa.”

“Babake alikufa?”

“Wala. Hana nafasi tu.”

Hasira ikampanda fundi, ikamwinua pale alipoketi, akalivuta pazia karibu kulikwanyua. “Wewe! Geti hilo ni langu!”

Kinyozi alikuwa mtu wa makamo mwenye upara, amevaa koti la heshima. Hakubisha. Aliitazama mikono ya mgeni iliyojaa makovu ya cheche, akaelewa pale pale.

“Kumbe ndiwe,” akasema. “Ndugu yangu, miaka yote hii sijakusema vibaya hata siku moja.” Akalivua koti, akamnyooshea. “Shika nafasi yako. Mwalimu huwa na swali moja tu kwa kila mzazi: mwanao anasomea nini, na kwa nini? Ukishalijibu hilo, kilichobaki ni kutikisa kichwa.”

Fundi akalipokea koti. Akafungua kinywa.

“Kompyuta,” alisema.

Meneja akainamisha macho.

“Madaraja,” kinyozi alisema polepole. “Madaraja ya chuma. Anapima kiungo kilichochomewa kitabeba mzigo gani kabla hakijaachia. Anasema yote yalianzia karakanani kwako. Alikuwa akiokota vipande vilivyovunjika chini ya meza yako, anakuuliza kila kimoja kimevunjikia nini. Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza aliyonifundisha.”

Fundi aliitafuta kichwani hata siku moja ya maswali hayo, akapekua na kupekua. Hakuikumbuka. Miaka yote alimwona mtoto pale chini ya meza, na alilokuwa akimwambia ni kuangalia asiungue.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. “Baba, twende, wameanza kuita majina!”

“Naam, mwanangu,” kinyozi akaitika.

Fundi naye alikuwa ameshapanua kinywa, lakini mwenzake alimwahi. Ndipo binti alipomwona. Akaganda mlangoni, rangi ikamtoka, akamkimbilia na kumshika mikono yote miwili.

“Baba? Nani amekufa? Ni mama? Niambie, baba, ni mama?”

Fundi alipigwa na butwaa ambalo hata geti lile halikumpa. “Hakuna aliyekufa. Nimekuja tu.”

“Umekuja tu?” Binti hakuamini. Alimchunguza usoni akitafuta msiba, na alipoukosa machozi yakamtoka. Akalitazama koti, akamtazama kinyozi, akamrudia babake, asijue aende na yupi. Huko nje walilitaja jina lake.

Fundi alimvisha kinyozi koti lake, akamfunga vifungo vyote.

“Nenda naye, mama, ndiye anayejua jibu,” alimwambia bintiye. Kisha akamgeukia Meneja. “Mimi, mwanangu, nipe hata zamu ya ujomba. Nitakaa nyuma.”